Lafudhi ya Uwanjani, Lugha ya Nyumbani

Na mwalimu mstaafu



Miongoni mwa mambo yanayorudi tena na tena katika mabaraza yetu hapa Birmingham, baada ya habari za nyumba, kazi na karatasi za uhamiaji, ni namna watoto wetu wanavyosema. Familia hufika mwezi wa Septemba, watoto wakaandikishwa shule, na kabla mwaka haujaisha mtoto wa miaka 5 husema Kiingereza kana kwamba amezaliwa Small Heath. Kaka yake wa miaka 14, aliyeshuka naye katika ndege ile ile, bado Kiingereza chake kina sauti ya Mombasa, au ya Bukavu, au ya Unguja. Mdogo humcheka mkubwa. Wazazi husikiliza wasijue kama wafurahi au wahuzunike.

Katika mazungumzo hayo husikika kauli tatu. Wa kwanza husema: "Mtoto huyu amekwisha kutupotea, hata sauti yake si yetu tena." Wa pili husema: "Mimi nimeamua nyumbani tuseme Kiingereza tu, ili nisimchanganye, ijapokuwa changu ni cha kuombea maji." Wa tatu husema kwa furaha: "Namshukuru Mungu, wangu ameshajua Kiingereza, msikilize anavyosema, hapo kazi imekwisha."

Kauli hizi tatu, ingawa zinapingana, zimejengwa juu ya kosa moja, nalo ni kudhani kuwa lafudhi na lugha ni kitu kimoja. Nia ya makala haya ni kuvitenganisha vitu hivyo viwili. Lafudhi ya mtoto hutoka kwa watoto wenzake, wala hatuna uwezo mkubwa juu yake. Lugha ya kwao hutoka nyumbani, na juu ya hiyo tuna uwezo kuliko shule, serikali au mtu mwingine yeyote.

LAFUDHI NI NINI?

Lafudhi ni namna ya kutamka: mpando na mshuko wa sauti, urefu wa irabu, mahali ulimi unapogusa. Hakuna binadamu asemaye bila lafudhi. Husemwa tu kwamba fulani ana lafudhi kwa sababu yake si sawa na ya yule anayemsikiliza.

Sisi Waswahili tunalijua jambo hili tangu zamani. Mtu wa Lamu au Mombasa husema "ndia", na wa Unguja husema "njia", nao wote hufika waendako. Mpemba akifungua kinywa mjini Unguja hutambulikana kwa neno la kwanza. Mtu wa Bukavu au Goma naye ana mwendo wake wa Kiswahili ambao hauhitaji kuomba radhi kwa mtu. Ilikuwa mwaka 1928, katika mkutano uliofanyika Mombasa, ndipo Kiunguja kilipochaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili Sanifu kwa ajili ya shule na vitabu vya Afrika Mashariki. Uchaguzi huo ulikuwa wa watu waliokaa mezani wakiwa na haja zao. Haukuthibitisha kwamba ulimi wa Unguja umeumbwa bora kuliko ulimi wa Mvita, na wazee wa Mombasa hawajachoka kutukumbusha hivyo mpaka leo.

Mzazi akilishika hili, atayapokea yanayofuata kwa utulivu zaidi.

KWA NINI MTOTO HUGEUKA UPESI?

Mtoto mchanga huzaliwa na sikio lililo wazi kwa lugha zote. Mwaka 1984, watafiti Janet Werker na Richard Tees wa Kanada walionyesha kwamba watoto wachanga wa nyumba za Kiingereza, wenye umri wa miezi 6 hadi 8, waliweza kutofautisha sauti za Kihindi ambazo watu wazima wasemao Kiingereza hawakuweza kuzitofautisha. Walipofikia miezi 10 hadi 12, uwezo huo ulikuwa umepungua sana. Sikio lilikuwa limeanza kuchagua: sauti zinazosikika kila siku huwekwa, na zisizosikika huachwa. Wahenga walisema udongo uwahi ungali maji.

Lakini sikio halitoshi kueleza kwa nini mtoto wa Kiswahili aseme kama watoto wa Small Heath na si kama mama yake anavyosema Kiingereza. Jibu liko katika uwanja wa shule. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Paul Kerswill na Ann Williams waliuchunguza mji wa Milton Keynes, ulio kati yetu na London. Mji huo ulitangazwa kuwa mji mpya mwaka 1967, na wakazi wake wengi walikuwa wamehamia kutoka sehemu nyingine za Uingereza. Walirekodi watoto wa miaka 4, wa miaka 8 na wa miaka 12, pamoja na walezi wao. Wale wa miaka 4 walisema kwa kiasi kikubwa kama wazazi wao. Wa miaka 8 na 12 walikuwa wamekwisha kuiacha lafudhi ya nyumbani na kusema kama watoto wenzao. Zingatieni, ndugu wasomaji, kwamba hao walikuwa Waingereza kwa Waingereza. Mwana wa Mskoti na mwana wa Mlondoni nao huwaacha wazazi wao katika jambo hili. Si balaa iliyoteremshiwa wageni peke yao.

Tena kuna suala la umri. Mtaalamu wa Toronto, J. K. Chambers, aliwafuatilia watoto na vijana sita wa familia mbili za Kanada zilizohamia eneo la Oxford, kusini mwa Uingereza, miaka ya 1983 na 1984. Mdogo wao alikuwa na miaka 9, na mkubwa miaka 17. Lugha yao ilikuwa Kiingereza tangu kuzaliwa. Kilichobadilika kilikuwa mazingira tu. Aliona kwamba maneno mapya huingia upesi kuliko matamshi mapya, na kwamba umri huamua mengi. Kwa muhtasari wake, anayehama akiwa na miaka 7 au chini yake ni karibu yakini ataipata lafudhi mpya kwa ukamilifu. Anayehama akiwa na miaka 14 au zaidi ni karibu yakini hataipata kwa ukamilifu. Walio katikati hutofautiana: mmoja hugeuka, mwingine hubaki.

Nao James Flege na wenzake walichunguza watu 240 waliohamia Kanada kutoka Italia wakiwa na umri wa kati ya miaka 2 na 23, wakatangaza matokeo yao mwaka 1995. Kadiri mtu alivyofika akiwa mkubwa, ndivyo lafudhi ya Italia ilivyosikika zaidi katika Kiingereza chake. Hakukuwa na ukuta ambao ukiuvuka siku ya kuzaliwa fulani mlango unafungwa. Ni mteremko wa taratibu.

Sasa turudi kwa wale ndugu wawili wa Small Heath. Wa miaka 5 hakumshinda kaka yake kwa akili, na wa miaka 14 si mvivu. Mmoja amefika na udongo ukiwa maji, na mwingine umeanza kushika umbo. Mzazi anayemwambia mkubwa, "Mwangalie mdogo wako anavyosema vizuri," anamlaumu kijana kwa tarehe ya tiketi ya ndege.

JE, LAFUDHI YA MZAZI HUMHARIBU MTOTO?

Hapa tunafikia hofu ya yule mzazi wa pili. Hofu hii imekuwa na madhara makubwa kuliko zote, kwa sababu huifunga midomo ya akina mama na akina baba ndani ya nyumba zao wenyewe.

Kama watoto wa Milton Keynes hawakubaki na lafudhi za wazazi wao Waingereza, hakuna sababu ya kuamini kwamba mtoto wa Sparkbrook atabaki na Kiingereza cha mama yake aliyetoka Bujumbura. Darasa, uwanja, basi la shule na marafiki wa mtaani vitamfundisha bila karo. Tulizoea kusema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, tukimaanisha adhabu. Katika jambo la lafudhi hata aliyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na hapana aibu ndani yake.

Haki yataka niseme pia upande wa pili. Katika uchunguzi wa mwaka 1997, Flege na wenzake waliona kwamba watu waliofika Kanada wakiwa wadogo na kuendelea kutumia Kiitaliano mara nyingi walibaki na dalili hafifu ya lafudhi, kuliko wenzao waliokitumia mara chache. Naye Arvilla Payne, aliyewachunguza watoto waliohamia karibu na Philadelphia huko Marekani, alionyesha kwamba matamshi mepesi ya mji ule waliyapata upesi wale waliohamia wakiwa wadogo, ila kanuni moja iliyo tata sana haikushikwa vizuri isipokuwa na wale ambao wazazi wao walikuwa wenyeji wa huko. Kwa hiyo nyumba huacha alama yake, lakini ni alama ndogo, ambayo aghalabu huhitaji sikio la mtaalamu kuigundua. Mzazi ajiulize: je, ni busara kumnyima mtoto lugha nzima ya babu na bibi yake ili kuifuta alama ya namna hiyo?

LAFUDHI WANAYOIPATA NI IPI?

Baadhi yetu tulipofika tulitarajia watoto wetu wataongea kama watangazaji wa zamani wa BBC. Badala yake wamepata Kiingereza cha Birmingham, ambacho wenyeji hukiita Brummie, nacho kina tabia zake.

Neno "bus", ambalo Kiswahili kimelipokea kwa irabu ya a, basi, wenyeji wengi wa hapa hulitamka kwa irabu iliyo karibu na u yetu. Mama katika kadi za siku ya kuzaliwa huandikwa "Mom", wakati sehemu nyingine nyingi za Uingereza huandika "Mum". Mwalimu asimkosoe mtoto kwa hilo. Na kuna jambo moja ambalo Mswahili hulisikia vizuri kuliko Mwingereza. Sisi tunaitenga ng' ya ng'ombe na ng ya ngoma. Mtu wa London husema "singer" kwa ng' ya ng'ombe, na "finger" kwa ng ya ngoma. Mwenyeji wa Birmingham hutia ng ya ngoma katika yote mawili, hata katika jina la mji wenyewe. Mkitaka kujua kama mtoto ameshakuwa wa hapa, mwambieni atamke Birmingham, msikilize g yake.

Lafudhi hii imedharauliwa sana nchini humu. Mwaka 1975, Howard Giles na wenzake walitangaza jaribio ambalo msemaji mmoja, mwenye kumudu lafudhi mbili, alizungumza na vikundi viwili vya wanafunzi wa sekondari: kimoja kwa lafudhi ya kifahari, na kingine kwa lafudhi ya Birmingham. Waliomsikia kwa lafudhi ya kifahari walimhesabu kuwa mwerevu zaidi, wakaandika maneno mengi zaidi juu yake. Na mtu ni yule yule. Mwaka 2007, Nikolas Coupland na Hywel Bishop walitangaza maoni ya watu zaidi ya 5,000 waliopima lafudhi 34 kwa uzuri na hadhi. Birmingham ilishika mkia.

Siyataji haya ili kuwatia hofu. Nayataja kwa sababu yanatufundisha kwamba dharau ya lafudhi haipimi akili ya anayesema, hupima mazoea ya anayesikiliza. Waingereza wa Birmingham wameonja kikombe kile kile tunachoonjeshwa sisi. Marehemu Benjamin Zephaniah, aliyezaliwa katika mji huu mwaka 1958 na kufariki mwaka 2023, mwana wa wazazi waliotoka Jamaica na Barbados, alipanda majukwaa ya ulimwengu akiwa na sauti ya Handsworth na mahadhi ya Jamaica kwa pamoja, wala hakuificha hata moja.

KWA VIJANA WALIOFIKA WAKUBWA

Kijana aliyefika akiwa na miaka 13 au 15 hubeba mzigo ambao wadogo zake hawaujui. Shuleni huigizwa anavyosema. Nyumbani mdogo wake humsahihisha mbele ya wageni. Wengine huamua kunyamaza darasani mwaka mzima, na mwalimu asiyejua hudhani hawana la kusema.

Kijana huyu aambiwe ukweli: huenda lafudhi ya kwao isimtoke yote maishani, na hilo halimfungii mlango. Malala Yousafzai aliletwa Birmingham mwezi wa Oktoba 2012 akiwa na miaka 15, amejeruhiwa kwa risasi, akatibiwa katika Hospitali ya Queen Elizabeth na kuendelea na masomo yake katika mji huu. Mwaka 2014 alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani, na baadaye akahitimu Chuo Kikuu cha Oxford. Anayemsikiliza hutambua mara moja kwamba hakuzaliwa Uingereza, lakini anachokisema kinaeleweka neno kwa neno. Kueleweka ndiko kunakohitaji bidii, maana kunafundishika katika umri wowote. Kufanana na wenyeji ni bahati ya umri.

LAFUDHI ISIWADANGANYE

Sasa namgeukia yule mzazi wa tatu, anayesema kazi imekwisha. Jim Cummins, mtaalamu mwingine wa Kanada, alieleza tangu mwisho wa miaka ya 1970 kwamba kuna Kiingereza cha mazungumzo na kuna Kiingereza cha masomo. Cha mazungumzo, yaani cha michezo, mzaha na ugomvi wa uwanjani, mtoto mhamiaji hukipata kwa kiasi cha miaka 2. Cha masomo, yaani cha kueleza sababu, kulinganisha, kusoma historia na kuandika insha, huchukua miaka 5 hadi 7 kabla hajawafikia wenzake.

Lafudhi ni sehemu ya kile cha kwanza, nacho huwahi. Kwa hiyo mtoto wa miaka 9 huweza kuwa na sauti ya mwenyeji kamili huku akisoma ukurasa wa sayansi bila kuelewa nusu yake. Mwalimu husikia sauti akaridhika. Mzazi naye husikia akaridhika. Na mtoto, ambaye hapendi kuonekana mgeni, hakai akawatoa katika kuridhika kwao. Ukweli huja kutoka siku ya mtihani.

Mzazi akienda shule siku ya kuonana na walimu, asiulize tu, "Anasema vizuri?" Na aulize: "Anaelewa anachokisoma? Anaandika kwa kiwango cha darasa lake? Ni maneno gani ya somo hili yanayomshinda?" Maswali hayo hayahitaji Kiingereza kikubwa, na mwalimu mwema huyafurahia.

KISWAHILI CHENYE LAFUDHI YA BIRMINGHAM

Limebaki jambo ambalo kwangu mimi ndilo zito kuliko yote. Ulimi ukizoea Kiingereza, hurudi nacho katika Kiswahili. Ile m inayosimama peke yake mwanzoni mwa "mtoto" humshinda, akatanguliza irabu: "umtoto". Irabu za mwisho huvutwa, na "shikamoo" ikaishia na u isiyoalikwa. Gh na kh hupotea. Ng'ombe hugeuka ngombe. Katika lahaja za Mombasa na Lamu, paa la nyumba hutamkwa bila pumzi na paa wa mwituni hutamkwa kwa pumzi. Lakini p ya Kiingereza mwanzoni mwa neno huwa na pumzi daima, basi mtoto wa Birmingham akisema mvua inapiga paa, bibi wa Mombasa humwona mnyama yule ananyeshewa.

Bibi hucheka. Shangazi naye hucheka. Mjomba kwenye simu husema, "Mpeni simu yule Mzungu tumsikie!" Hakuna mwenye nia mbaya, na wote wanampenda. Lakini mtoto hasikii mapenzi, husikia kicheko. Mara ya kwanza hutabasamu. Mara ya pili hujibu kwa Kiingereza. Mara ya tatu simu ikilia huingia chumbani. Hapo ndipo lugha inapokatika, wala si siku ile lafudhi ilipogeuka.

Tunao mfano karibu nasi. Familia nyingi za Kihindi zilizotoka Kenya mwishoni mwa miaka ya 1960, na zile zilizofukuzwa Uganda mwaka 1972, zilifika katika miji hii ya kati ya Uingereza zikiwa na Kiswahili cha dukani na cha jikoni. Hakikuwa lugha yao ya kwanza, na hawakuwa na sababu kubwa ya kukirithisha. Leo kwa wajukuu wengi kimebaki katika majina ya vitu vya jikoni: kisu, sufuria, fagio, na "mogo", ambayo ndiyo mihogo yetu, hukaangwa na kuuzwa katika mikahawa. Lugha iliyotumika katika soko zima imekuwa jina la chakula. Kwetu sisi Kiswahili ni zaidi ya lugha ya soko. Ni lugha ya kumwomba radhi mzee, ya kumfariji mfiwa, ya kumpa mtoto wasia. Tusipoangalia, wajukuu wetu nao watabaki na ugali na chapati.

Mtaalamu wa lugha za wachache, Joshua Fishman, katika kitabu alichokichapisha mwaka 1991, alisisitiza kwamba kiungo kikuu cha uhai wa lugha ni mzazi kumsemesha mtoto nyumbani, na kwamba shule na vyombo vya habari haviwezi kukiziba kiungo hicho kikikatika. Hapa Uingereza, Ripoti ya Bullock ya mwaka 1975 ilizitaka shule zisimlazimishe mtoto kuitupa lugha ya kwao. Ripoti ya Swann ya mwaka 1985 nayo ikasema kwamba jukumu la kuzihifadhi lugha hizo ni la jamii zenyewe. Tunaweza kulilalamikia neno hilo, lakini mtoto hawezi kusubiri malalamiko yetu yajibiwe.

TUFANYE NINI?

Mosi, semeni nyumbani lugha mnayoijua vizuri kuliko zote, iwe Kiswahili, Kibajuni, Kirundi au Kibembe. Mtoto anahitaji kusikia sentensi ndefu, sababu, hadithi na mizaha, na mtu hawezi kuyatoa hayo kwa lugha ya kuombea maji. Anayejua kueleza jambo kwa Kiswahili hujifunza upesi kulieleza kwa Kiingereza.

Pili, msimcheke wala msimsimamishe katikati ya neno. Mjibuni tu kwa kulitamka sawasawa. Akisema, "Nimeona ngombe kwenye picha," mwambieni, "Ehe, ng'ombe huyo alikuwa wa rangi gani?" Sikio litachukua, na heshima yake itabaki. Waelezeni na jamaa wa nyumbani kabla ya kumpa simu: "Bibi, mjukuu wako anakuja kukuamkia, tafadhali usicheke, mwitikie marahaba yake."

Tatu, mpeni sauti nyingi za kusikiliza. Sauti ya mama pekee haitoshi. Ujumbe wa sauti wa bibi katika simu, binamu wa Tanga, jirani wa Goma, vyote ni shule. Vitendawili na michezo ya maneno ya watu wa Liwale na wali wao huufanyisha ulimi mazoezi huku mtoto akicheka kwa hiari yake mwenyewe.

Nne, mtoto aliyefika karibuni akinyamaza shuleni kwa wiki kadhaa, au hata miezi, msifadhaike upesi. Wengi husikiliza kwanza, husema baadaye. Lakini kama mtoto amechelewa kusema katika lugha zote, hata ile ya nyumbani, au haitikii sauti, mwoneni daktari au yule muuguzi wa watoto anayezuru majumbani. Lugha mbili hazimcheleweshi mtoto kusema, kwa hiyo msikubali kuchelewa huko kuelezwa kwa sababu hiyo tu.

Tano, ndani ya nyumba pigeni marufuku mdogo kumwigiza mkubwa. Mwekeeni kila mmoja heshima yake: mdogo awe mwalimu wa matamshi ya Birmingham anapoombwa, na mkubwa awe mwalimu wa Kiswahili. Wote wawili watakuwa na kitu cha kutoa.

Ndugu wazazi, mtoto wenu atasema Kiingereza kama rafiki zake, na ndivyo inavyopasa, kwa maana hao ndio atakaoishi nao. Muachieni lafudhi hiyo. Ameipata kwa haki. Nanyi jioni hii, mtakapokuwa mezani, mwombeni awasimulie kwa Kiswahili yaliyotokea shuleni leo. Kama m yake ina irabu mbele na ng'ombe wake ni ngombe, msikilizeni mpaka amalize, kisha mumwulize ikawaje.